Mkosi wa Nyota Humwangukia Nani?

Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya wanafunzi wa lugha ya Kichina, wazazi wao na walimu wenzangu. Naiweka hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha tulizotazama ukutani nimeziacha.

Ndugu zangu, wazazi wangu, walimu wenzangu, nanyi vijana mnaojifunza Kichina: shikamooni, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie nyota mbaya katika unajimu wa jadi wa Wachina. Ombi limetoka kwenu vijana. Baadhi yenu mmezaliwa mwaka 2002, wengine 1990, na mwaka huu wa 2026 mmeambiwa na Wachina mnaofanya nao kazi kwamba mwaka ni mzito kwenu, vaeni kitu chekundu. Mmoja kapewa mkanda, mwingine uzi wa mkononi. Mkarudi mnauliza: nyota gani hiyo? Iko wapi angani? Imetukosea nini, au sisi tumeikosea nini?

Nitajibu. Lakini kwanza nami nina swali langu, naomba mlishike mpaka mwisho. Nyota ikishatajwa kuwa mbaya, mkosi wake humwangukia nani? Nani anaambiwa aubebe? Nimezisoma habari hizi za Wachina miaka mingi, na naamini kabisa kwamba kiini chake kiko hapo.

Tuanze na anga lenyewe.

Sisi tukisema fulani nyota yake imechafuka, tunamsema mtu mmoja na maisha yake. Wachina wa kale hawakuanzia hapo. Kwao anga lilikuwa serikali. Karibu na ncha ya kaskazini, pale ambapo nyota nyingine zote huzunguka, alikaa kaizari wa mbinguni, na kandokando yake wakapangwa mawaziri, majemadari, jamaa wa ikulu, hata ghala na gereza. Njia ya mwezi waliigawa vituo 28, kama wazee wetu wa falaki huku pwani wanavyohesabu manazili 28. Kila kituo kikapewa nchi yake hapa duniani. Mnajimu akiona jambo geni katika kituo fulani, alijua mara moja ni ikulu ya nani inayopaswa kuogopa.

Kimojawapo cha vituo hivyo huitwa Xin, yaani Moyo. Kina nyota tatu. Ya katikati ni kubwa na nyekundu, ile ambayo Waarabu nao waliita moyo wa nge. Hiyo ndiyo mfalme mwenyewe. Ya mbele yake ni mrithi, ya nyuma ni wanawe wengine. Sasa ipo sayari, nayo nyekundu: Mirihi. Wachina waliihesabu kuwa sayari ya adhabu na vita. Mirihi ikipita karibu na Moyo na kwenda zake, si neno sana. Ikisimama pale, ikakaa, basi ikulu hailali.

Mtauliza, sayari husimamaje? Dunia yetu hulizunguka jua haraka kuliko Mirihi, na kila baada ya miezi 26 hivi huipita. Basi lako linapolipita basi jingine barabarani, lile jingine huonekana kama linarudi nyuma, ilhali nalo linakwenda mbele. Ndivyo ilivyo kwa Mirihi: hupunguza mwendo, husimama, hurudi nyuma wiki kadhaa, husimama tena, kisha huendelea na safari. Kusimama huko kukitokea kwenye Moyo, nyota mbili nyekundu hutazamana usiku baada ya usiku. Katika elimu yote ya nyota ya Wachina, ishara zilizomtisha mtawala kama hiyo ni chache mno.

Sasa sikilizeni kisa cha Mtawala Jing wa nchi ya Song.

Song ilikuwa nchi ndogo katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Henan, na kituo chake angani kilikuwa huo Moyo. Mapokeo yanaweka kisa hiki mwaka 480 kabla ya Kristo. Mirihi ilisimama kwenye Moyo. Mtawala akaogopa, akamwita mnajimu wake, Ziwei. Ziwei akamwambia wazi: Mirihi ni adhabu ya mbingu, Moyo ni sehemu ya Song, na balaa hili ni lako wewe. Kisha akaongeza neno ambalo naomba mlisikie vizuri. Akasema: lakini linaweza kuhamishwa. Unaweza kumhamishia waziri mkuu.

Mtawala akajibu: waziri mkuu ndiye ninayeiongoza nchi pamoja naye. Nimhamishie yeye kifo? Hapana.

Ziwei akasema: basi wahamishie raia.

Mtawala akajibu: raia wakifa, nitamtawala nani? Afadhali nife mimi peke yangu.

Ziwei akasema: basi yahamishie mavuno ya mwaka.

Mtawala akajibu: mavuno yakiharibika watu watakufa njaa. Mtawala anayewaua watu wake ili yeye aishi, nani atamkubali kuwa mtawala? Siku zangu zimekwisha. Usiseme tena.

Ndipo Ziwei akarudi nyuma, akainama mara mbili, akasema: nakupongeza. Mbingu iko juu, lakini inasikia yanayosemwa chini. Umesema maneno matatu ya mtu mwema; usiku huu Mirihi itasogea mara tatu, nawe utaongezewa miaka 21. Akajitolea kusubiri chini ya ngazi za ikulu, na kama nyota haisogei, auawe. Usiku ule, kisa kinasema, nyota ikasogea.

Ni kisa kizuri. Kilikuwa tayari kimeandikwa karibu mwaka 239 kabla ya Kristo, katika mkusanyo uliosimamiwa na Lü Buwei, waziri mkuu wa dola la Qin, na Wachina wamekisimulia tangu hapo. Watu hukisimulia kwa sababu ya ile miaka 21. Mimi nakisimulia kwa sababu ya neno lile moja: linaweza kuhamishwa. Hebu tazameni orodha ya Ziwei. Waziri, raia, mavuno. Kila hatua inashuka chini zaidi. Kila hatua inamfikia mtu mwenye sauti ndogo zaidi. Na mnajimu haoni ajabu kuisema, kwa kuwa kuhamisha mkosi kulikuwa sehemu ya kazi yake.

Walikuwapo waliokikataa kisa hiki, nao walikuwa Wachina, si wageni. Wang Chong, aliyezaliwa mwaka 27 baada ya Kristo, alikichambua kisa chote neno kwa neno. Mbingu iko mbali mno, akasema. Itasikiaje mazungumzo ya watu wawili chumbani? Mirihi husimama na huondoka kwa mwendo wake yenyewe. Akaeleza kwamba yaelekea Ziwei alikwishajua nyota itasogea, akajitwalia sifa. Nampenda sana Wang Chong. Mtu aliyeishi karibu miaka 2,000 iliyopita, asiye na darubini, alikataa kuamini kisa kitamu kwa sababu tu ni kitamu.

Lakini mimi kuna kisa kingine nakipenda zaidi ya hicho cha Song, na ni wachache wanaokijua. Mwaka 489 kabla ya Kristo, Mfalme Zhao wa nchi ya Chu alikuwa vitani. Mawingu yakaonekana angani kama kundi la ndege wekundu, yakilizunguka jua siku tatu. Mfalme akatuma watu kwenda kuuliza kwa mtunza kumbukumbu mkuu wa nyumba ya Zhou, ukoo wa kifalme uliohesabiwa kuwa juu ya nchi hizo zote. Jibu likaja: ni wewe, mfalme, lakini ukifanya kafara, balaa litahamia kwa waziri mkuu wako au kwa mkuu wa majeshi. Mfalme akasema: kuutoa ugonjwa tumboni na kuuweka mikononi na miguuni, kuna faida gani? Kama sina kosa kubwa, mbingu itaniua kwa nini? Na kama ninalo kosa, adhabu ni yangu, nitamhamishia nani? Akakataa kafara.

Akaongezewa miaka 21? Hapana. Alikufa mwaka uleule.

Hakuna nyota iliyosogea, hakuna zawadi. Na Confucius, aliyekuwa hai wakati huo, alimsifu kwamba ameijua njia iliyo kuu. Ndugu zangu, mtu anayekataa kumbebesha mwenzake mkosi kwa kutarajia malipo, na mtu anayekataa bila malipo yoyote, hawa hawako sawa. Visa vya pili ni vigumu kusimulia watoto wakati wa kulala. Lakini tuwasimulie.

Sasa, msidhani kuhamisha mkosi kulikuwa hadithi za kale tu. Kulikuwa na ofisi ya serikali. Ikulu za Qin na za mwanzo wa nasaba ya Han zilikuwa na waombaji maalumu wa siri, na kazi yao ilikuwa hii: ishara mbaya ikitokea, wanafanya dua ya kuuhamisha ubaya kutoka kwa kaizari kwenda kwa walio chini yake. Mwaka 167 kabla ya Kristo Kaizari Wen akaifuta ofisi hiyo. Akasema makosa ya maofisa wote ni makosa yake mwenyewe, na kwamba waombaji hao, kwa kuwasukumia makosa walio chini, wanazidi kumwaibisha. Miaka kumi na moja kabla ya hapo, jua lilipopatwa, alikwishatoa tangazo akijilaumu yeye, akawataka watu wamwambie makosa yake, wamletee watu wanyoofu watakaosema kweli. Anastahili heshima yake.

Je, mambo yakaishia hapo? Hayakuishia hapo. Na sasa nawaleta kwa mtu ambaye, kila nikisoma habari zake, nasikitika upya.

Zhai Fangjin alizaliwa katika familia ya watu wadogo, na baba yake akafa mapema. Alikuwa karani katika ofisi ya wilaya, wakubwa wake wakimdharau kuwa mzito. Akaamua kwenda mji mkuu, Chang'an, kusoma. Mama yake wa kambo alimwonea huruma, kwa kuwa alikuwa bado mdogo, akafuatana naye. Kule Chang'an mama huyo alisuka viatu akauza, mtoto akasoma. Mama wa kambo! Miaka ilipita, Fangjin akawa mwanazuoni, akapanda cheo baada ya cheo, mpaka akawa waziri mkuu wa dola la Han, akakaa katika kiti hicho miaka kama tisa. Alikuwa mkali, alikuwa na maadui, sitasema alikuwa malaika.

Mwaka 7 kabla ya Kristo ikatangazwa ikulu kwamba Mirihi imesimama kwenye Moyo. Kaizari alikuwa Cheng, hana mtoto wa kumrithi. Ofisa mmoja mjuzi wa nyota akamshauri kwamba waziri mkubwa ndiye anayepaswa kulibeba balaa. Kaizari akamwita Fangjin, kisha akamwacha arudi nyumbani. Kabla Fangjin hajakata shauri, ikamfikia barua ya kaizari: nchi ina njaa, ina majambazi, wewe umefanya nini miaka yote hii? Pamoja na barua hiyo vikaletwa pombe nzuri na ng'ombe mmoja. Kila mtu wa ikulu alijua maana ya zawadi hiyo. Siku ileile Zhai Fangjin akajiua.

Kaizari akaificha sababu. Akampa mazishi ya fahari kupita mawaziri wakuu wote waliomtangulia, akahudhuria yeye mwenyewe zaidi ya mara moja. Na mkosi ukahama? Haikupita miezi miwili, Kaizari Cheng naye akafa ghafla.

Ngojeni, sijamaliza. Sayari hufuata hesabu, na hesabu hukokotolewa mbele na nyuma. Wanahistoria wa sayansi, na hasa Huang Yi-long wa Taiwan, walikokotoa Mirihi ilikuwa wapi majira yale ya mwaka 7 kabla ya Kristo. Haikuwa imesimama kwenye Moyo. Huang alichunguza kumbukumbu zote za ishara hiyo katika historia za kale za China, akakuta zaidi ya nusu hazikutokea. Mkosi ulioripotiwa haukuwapo angani. Nyota ile mbaya iliandikwa na mkono wa mtu.

Mkono wa nani? Hapa mtanielewa nikisema kwamba anga halikuwa la kila mtu. Kusoma nyota ilikuwa kazi ya ofisi ya kaizari, na baadaye, chini ya sheria za nasaba ya Tang, mtu binafsi aliyekutwa na vyombo vya falaki au vitabu vya unajimu nyumbani kwake alipewa miaka 2 ya kazi ngumu. Aliyetangaza kwamba nyota ni mbaya alikuwa mtumishi wa serikali, mwenye mshahara, mwenye mabosi na maadui. Hata wema wa nyota ulitoka mkono uleule. Mwezi Julai 1054 ilitokea nyota mpya iliyowaka hadi ikaonekana mchana siku 23, mlipuko ambao mabaki yake wanafalaki wanayatazama hadi leo. Jambo la kutisha watu kweli. Mnajimu wa ikulu, Yang Weide, akaandika kwamba rangi yake ni ya manjano, haijaingilia kituo cha jirani, maana yake mtawala ana baraka na nchi ina mtu mwema mkubwa. Basi ikapita salama, hakuna aliyekufa kwa ajili yake.

Tukitoka ikulu tunafika kwenye uzi wenu mwekundu.

Kadiri karne zilivyopita, nyota zilishuka kutoka kwa wafalme zikafika kwa watu wa kawaida, na zilipofika huko nyingi zikaacha kuwa nyota. Hili ndilo jibu la swali lenu la kwanza, iko wapi angani. Haiko. Mnajimu wa mtaani China huchukua mwaka, mwezi, siku na saa ya kuzaliwa, kila kimoja kikiandikwa kwa herufi mbili, jumla nane. Kisha hutafuta katika majedwali: herufi hii ikikutana na ile, una nyota fulani. Zina majina ya nyota, hutajwa kama nyota, lakini ni majina ya hesabu.

Ile inayowahusu ninyi wa 1990 na 2002 huitwa Tai Sui. Sayari Mshtarii hulizunguka jua kwa miaka karibu 12. Wachina wa kale waliitumia kuhesabu miaka, lakini mwendo wake ulikuwa kinyume cha mpangilio wao wa sehemu 12 za anga. Wakabuni mwenzake wa kufikirika, anayekwenda upande wa pili. Huyo ndiye Tai Sui, bwana wa mwaka. Baadaye wakampa sura: majemadari 60, mmoja kwa kila mwaka wa mzunguko wa miaka 60, na ukienda hekalu la Baiyunguan mjini Beijing utawakuta wote kwa masanamu. Kila mwaka yuko upande fulani wa dunia, na upande huo mtu hachimbi ardhi. Wachina huupa kila mwaka jina la mnyama, wanyama 12 kwa zamu. Mwaka huu ni wa Farasi, nanyi mmezaliwa mwaka wa Farasi. Mnakaa kiti kimoja naye, kwa hiyo husemwa mmemkera. Waliozaliwa mwaka wa Panya, 1984, 1996, 2008, wako mkabala naye, nao wamo. Kama ulizaliwa Januari au mwanzoni mwa Februari, huenda ukahesabiwa mwaka uliotangulia, kwa hiyo usifanye haraka kuhuzunika.

Dawa yake? Mkanda mwekundu, uzi mwekundu, kwenda hekaluni kuwasha udi, kujihadhari. Mimi sina ugomvi nayo. Mwenzako Mchina akikupa uzi huo, upokee kwa mikono miwili na umshukuru, kwa sababu ametumia fedha yake kukutakia salama. Uzi huo haumhamishii mtu mwingine kitu. Anayeogopa ndiye anayeuvaa, basi.

Ugomvi wangu ni na nyota nyingine.

Katika majedwali hayohayo kuna nyota mbili pacha, Gu Chen na Gua Su. Ya kwanza ni ya upweke, ya pili ni ya ujane. Aliyezaliwa mwaka wa Chui, Sungura au Joka, akiwa na herufi ya Nyoka katika zile nane zake ana nyota ya upweke, na akiwa na herufi ya Ng'ombe ana nyota ya ujane. Ni jedwali tu, mtoto wa darasa la nne analiweza. Msemo wao unasema mwanamume aogope Gu Chen, mwanamke aogope Gua Su. Sasa fikirini enzi ambazo barua ya posa ilikwenda na herufi nane za msichana, na mama wa bwana harusi akampelekea mnajimu. Mnajimu akisema huyu atamfisha mume wake, posa imekufa. Atamweleza nani? Atakata rufaa wapi?

Na ipo nyota-ufagio. Hiyo ni nyota yenye mkia, ya kweli, iliyoonekana angani. Wachina waliitazama kwa bidii ajabu: mwaka 1973, katika kaburi la Mawangdui lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, kilipatikana kitambaa cha hariri chenye michoro 29 ya nyota zenye mkia, kila moja na balaa lake. Mwaka 516 kabla ya Kristo ilitokea moja juu ya nchi ya Qi. Mtawala akataka kafara ya kuifukuza. Waziri wake Yan Ying akamzuia: ufagio ni wa kuondoa uchafu, kama huna uchafu, unaomba nini? Na kama unao, maombi yatapunguza nini? Mtawala akakubali, kafara ikaachwa. Neno zito, aliloambiwa mtu mwenye nguvu.

Lakini ufagio huohuo uliposhuka mitaani ulimwangukia nani? Mpaka leo, ukisikia kwa Kichina mtu anaitwa nyota-ufagio, ni tusi, na mara nyingi anayetukanwa ni mwanamke. Mume akifa, mkwe huitwa nyota-ufagio. Biashara ya ukoo ikifilisika baada ya harusi, bibi harusi ndiye nyota-ufagio. Riwaya mashuhuri ya enzi ya Ming ilimpa cheo hicho cha mbinguni mke aliyemwacha mumewe fukara, ambaye baadaye akawa mtu mkubwa. Na sisi tusijifanye wageni wa jambo hili. Kina mama mlio hapa, hamjasikia mkwe akiitwa kisirani? Hamjasikia "tangu huyu aingie humu ndani"? Mnaitikia kwa vichwa, nawaona.

Mkosi ulioanza kwa mfalme umemaliza safari yake kwa msichana aliyeolewa juzi.

Kama mnadhani haya ni ya zamani, nawapa tarakimu. Mwaka huu si wa Farasi tu. Ni wa Farasi wa Moto: kila mnyama hupewa kwa zamu mojawapo ya asili tano, na zamu ya Farasi kupewa Moto huja mara moja kila miaka 60. Ulianza tarehe 17 Februari 2026 na utakwisha mwanzoni mwa Februari 2027. Hesabu hiyo ya miaka 60 Wajapani waliipata China, na huko Japani, tangu enzi za Edo zilizoanza miaka ya 1600, ikaambatana na imani kwamba msichana anayezaliwa mwaka wa Farasi wa Moto atakuwa mkali na atafupisha maisha ya mumewe. Waliihusisha na Oshichi, binti wa muuza mboga, aliyechomwa moto mwaka 1683 kwa kosa la kuwasha moto mjini kwa sababu ya mapenzi, wakisema alizaliwa mwaka 1666, nao ulikuwa wa Farasi wa Moto.

Mwaka 1965 Japani walizaliwa watoto kama 1,820,000. Mwaka 1966, Farasi wa Moto, walizaliwa kama 1,360,000. Mwaka 1967 wakarudi kuwa zaidi ya 1,930,000. Hapakuwa na vita, hapakuwa na njaa. Japani ya 1966 ilikuwa na treni za kasi na viwanda vya redio, miaka miwili baada ya kuandaa Olimpiki. Wazazi waliahirisha mimba, na wengine walizitoa, wasije wakapata binti ambaye hakuna atakayemwoa. Mara ya nyuma yake, mwaka 1906, kuna familia zilizomwandikisha binti kwamba amezaliwa mwaka wa kabla au wa baada. Walimdanganyia serikali mwaka wa kuzaliwa ili kumwokoa.

Angalieni jambo moja. Wavulana wa 1966 hawakuogopwa. Farasi yuleyule, moto uleule, hesabu ileile. Na China yenyewe, ilikotoka hesabu, haikumwogopa sana msichana wa Farasi wa Moto. Huko aliyesemwa zaidi ni wa mwaka wa Mbuzi, kwa msemo kwamba mbuzi tisa kati ya kumi hawakamiliki. Ukivuka bahari kidogo tu, nyota inabadilisha msichana wa kumwonea.

Ndiyo maana nimewasumbua na swali langu. Mkisikia kwamba nyota fulani ni mbaya, iwe kwa Kichina, iwe kwa Kiswahili, msianze kubishana kama ni kweli au si kweli, mtakesha. Ulizeni nani amesema, na anamsema nani. Mtawala Jing aliulizwa mara tatu ni nani afe badala yake. Ninyi mtaulizwa kwa sauti ya chini zaidi, sebuleni, siku ya kupokea posa ya kijana wenu, au ofisini hasara ikitokea na mgeni wa mwisho kuajiriwa amekaa palepale. Mjibu kama alivyojibu Mfalme Zhao wa Chu, aliyejua kwamba halipwi.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Dada aliyeinua mkono pale nyuma, naona umezaliwa 2002 na uzi wako umeuvaa. Karibu, uliza.